Mvukuto na Kisigino cha Mama

Wiki mbili zilizopita nilikuwa msibani Kikwajuni. Aliyefariki ni bibi yake rafiki yangu, mtu aliyeishi akashiba, na kilio chake kilikuwa cha upole. Tulikaa mkekani wanawake watupu, kila mmoja na juzuu yake, mara mlango wa chumba alimooshwa marehemu ukafunguliwa na harufu ya karafuu maiti ikatufikia, vile vipande vyeupe vinavyosagwa kupakwa maiti kabla hajavishwa sanda. Wenzangu waliinamisha vichwa. Mimi niliona kamera ya baba yangu.

Baba alikuwa mpiga picha, na chombo alichokipenda kuliko vyote alikihifadhi ndani ya sanduku la mbao pamoja na vipande viwili vya karafuu maiti, ili wadudu wasile ngozi yake na ukungu usiingie kwenye vioo. Kwa hiyo harufu ile mimi niliijua studio kwanza, kabla ya kukutana nayo misibani. Na nilipokutana nayo misibani, nilikuwa na umri wa kuunganisha mambo bila ya kumuuliza mtu.

Sisi tuliokua Unguja kabla simu hazijawa na kamera, kila mmoja wetu ana picha moja aliyosimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, maporomoko ambayo kisiwa chetu hakina. Baba alikuwa nalo pazia hilo. Studio yake ilikuwa Mji Mkongwe, katika kichochoro kimoja cha Kiponda, chini ya nyumba ya mawe iliyomwaga chokaa kila masika. Chumba cha mbele kilikuwa na pazia, stuli mbili na taa ya mwako. Humo walipigwa walio hai: maarusi, watoto waliohitimu madrasa, watu wa pasipoti. Chumba cha nyuma kilikuwa na kidirisha kimoja cha mbao kilichofungwa daima, na humo ndimo ulimokaa mvukuto.

Ulifanana na mvukuto wa mhunzi, ndiyo maana baba akauita hivyo, lakini haukupuliza chochote. Ulikuwa ngozi nyeusi iliyokunjwa mkunjo juu ya mkunjo, kama kodiani ya wapiga taarabu. Upande mmoja ulifungwa kwenye kamera, upande wa pili ukafungwa lenzi. Ukiuvuta, lenzi inakwenda mbali na filamu, na kamera inaanza kuona vitu vya karibu mno ambavyo kwa kawaida haiwezi kuviona: nyuzi za kitambaa, vumbi la bawa la kipepeo, mistari ya kidole gumba. Kamera yenyewe ilikuwa ya zamani kuliko baba, nzito, na rangi yake ilikuwa imebanduka pale palipozoea vidole.

Siku hizo maduka yenye mashine za picha za rangi yalikwisha kumchukulia harusi zote. Kazi iliyobaki, ambayo mjini hapakuwa na aliyeijua kama yeye, ilikuwa kutoa nyuso. Mtu alikuja na picha ya darasa zima, watoto thelathini, na nyuma kabisa yupo mmoja ambaye uso wake hauzidi punje ya mbaazi. Mtoto huyo amekufa na hana picha nyengine. Baba aliilaza picha juu ya meza, akaifunga kamera kwenye stendi ikaangalia chini, akauvuta mvukuto pole pole, na ile punje ya mbaazi ikawa uso ambao mama mtu angeweza kuutundika ukutani. Wakija kuchukua, wengine walishindwa kuitazama pale dukani. Waliificha ndani ya buibui na kuondoka upesi.

Ila kadiri mvukuto unavyovutwa ndivyo mwanga unavyopungua njiani, na kamera lazima iachwe wazi muda mrefu zaidi. Leo nnalijua hilo. Baba hakupima muda huo kwa saa, maana saa ingemtaka aitazame na macho yake aliyataka kwenye picha. Alisoma Kulhuwallahu, ile sura fupi ya Kurani. Mvukuto ukiwa nusu, moja. Ukivutwa mpaka mwisho, tatu, kwa tartili, bila ya haraka, kidole kimeshikilia kitufe.

Mimi hayo ya mwanga sikuelezwa. Nilichoona ni watu wazima wanaingia wakilia na picha za wafu wao, baba anakwenda nao chumba chenye giza kinachonuka karafuu maiti, na huko anasoma Kulhuwallahu mara tatu. Nilikuwa na miaka saba, na hitima nilizihudhuria nyingi, ambako wafu husomewa hivyo hivyo. Ningefikiri nini?

Na kulikuwa na Mzee Makame, fundi cherahani wa mlango wa pili, ambaye mchana hakuweza kukaa bila ya kuja kututia fujo. Siku moja alisimama mlangoni, futi ya kitambaa shingoni, akamsikia baba kule nyuma.

"Haji! Wewe unapiga picha au unasoma hitima?"

"Vyote viwili," baba akamjibu. "Lete na yako nikusomee, uone."

"Yangu? Miye bado nnaonja utamu wa dunia, bwana. Nshughulikie hao waliokwisha kuondoka."

Baada ya siku chache kweli akaleta yake. Ilikuwa picha ya timu ya mpira ya ujana wake, na yeye alikuwa wa tatu kutoka kushoto, mwembamba kama mshale. Alitaka atolewe peke yake, awe mkubwa, ili wajukuu waache kumcheka kitambi. Baba akamlaza chini ya mvukuto. Akamsomea tatu. Mzee Makame alikaa kwenye stuli akipiga makofi mapajani na kusema, "Amin, amin, nipokeeni huko!" Wote wawili wakacheka mpaka baba akaiharibu ile picha ya kwanza na kuianza upya.

Siku ya tisa Mzee Makame alianguka mlangoni kwake na futi yake shingoni. Hakuinuka tena.

Sikuhitaji ushahidi mwengine. Mvukuto haukuwa unawapokea waliokufa tu. Ulikuwa unachukua.

Mama yangu, Bi Zuwena, alikuwa akishona kofia za viua nyumbani. Mwaka ule kulikuwa na harusi ya binti wa dada yake, na wanawake wote wakapakwa piko miguuni, maua meusi yaliyopanda mpaka vifundoni. Wiki zilipopita piko likafifia kwa wote. Kwa mama lilibaki tone moja, chini ya kisigino cha kulia, jeusi tititi.

"Bi Zuwena, hilo piko lako umelinunua duka gani?" jirani mmoja akamtania. "Hebu tuonyeshe, letu lishatoka zamani."

"La kwangu limenipenda," mama akasema.

Alilisugua kwa jiwe la miguu kila alipooga. Miezi mingi alilisugua. Hakuna aliyemkataza, kwa sababu sote tuliamini ni piko, na piko husuguliwa. Kisha likaanza kutoa maji, halafu damu, na champali yake ikawa na doa. Duka la dawa wakampa mafuta ya kupaka.

Ndipo akaja Dakta Suleiman. Alikuwa mtoto wa mtaani kwetu aliyekwenda Ulaya kusomea mifupa akabaki huko, na mwaka ule alikuja likizo kuwasalimia wazee wake. Alipita kwetu kunywa kahawa. Alikuwa akimchekesha mama kwa visa vya baridi ya huko, mpaka alipouona mguu. Aliuinua, akaugeuza kwenye mwanga, na visa vikaisha.

"Bi Zuwena, hili si piko."

"Ni nini basi?"

Hakumjibu yeye. Alimgeukia baba. "Ami Haji, mambo ya ngozi si fani yangu. Lakini yupo mwalimu wangu mmoja, akiona picha nzuri ya karibu atajua siku hiyo hiyo. Wewe si una ile kamera yako? Unaweza kunipigia?"

"Ntakupigia mpaka uhesabu mistari ya ngozi."

"Weka na rula pembeni aone ukubwa. Nnaondoka kesho jioni. Akisema Bi Zuwena akatwe, safari yake ntaipanga mwenyewe. Lakini isikae, Ami. Kitu hiki hakitaki kukaa."

Akampa filamu ya rangi kutoka kwenye begi lake. Alisema isisafishwe hapa, kwa sababu mashine za mjini zilikuwa zikigeuza nyeusi kuwa kijani, na rangi ya lile doa ndiyo itakayosema kila kitu. Apewe filamu mbichi, ataisafisha mwenyewe huko aendako.

Kesho yake mchana mama akaja studio. Alilala kifudifudi kwenye meza ya chumba cha nyuma, pale pale walipolazwa wale wote, mguu wake juu ya mto. Baba aliweka taa mbili na rula, akaishusha kamera, akauvuta mvukuto mpaka mwisho wake. Sijawahi kuuona umevutwa vile.

"Usitikisike."

"Nisipumue?"

"Pumua, bibie. Kisigino hakipumui."

Mama akacheka, baba akamsubiri amalize. Kisha akaanza. Kulhuwallahu ahad. Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini nimeng'ata ushungi wangu. Alimsomea tatu, akavuta filamu, akamsomea tatu nyengine. Alipiga picha nane. Nilihesabu: mama alisomewa mara ishirini na nne. Mzee Makame alisomewa tatu tu, akamaliza siku tisa.

Adhana ya alasiri ikapigwa. Baba akasema ataitoa filamu akirudi msikitini, akaenda. Mama akatoka uani kuosha mguu. Nikabaki mimi na kamera.

Nilikwisha kuonywa kuhusu kimlango chake cha nyuma. "Ukifungua hapa," baba alikuwa akiniambia kila nilipoigusa, "watu wote waliomo ndani wanaungua, hawaonekani tena." Alisema ili nisiguse. Lakini siku ile niliyafikiri maneno yake kwa makini yote ya mtoto wa miaka saba: wakiwa hawaonekani tena mle ndani, si ndiyo wametoka?

Nilipanda juu ya stuli. Nilikivuta kile kidude cha juu kama nilivyomuona baba akikivuta, na mlango ukafunguka kwa mlio mdogo, kama wa mtu aliyegonga ulimi. Filamu ilikuwa mle imejizungusha, ya rangi ya kahawia, inang'aa. Nikakifungua kidirisha cha mbao. Jua la alasiri liliingia moja kwa moja juu ya meza, nalo halikuwa limeingia humo tangu nizaliwe. Nikailegeza filamu kwa vidole, mkunjo mmoja baada ya mwengine, nikaigeuza upande huu na upande huu.

"Toka, mama," nikasema. "Toka."

Nilisubiri mpaka nikaridhika. Nikaizungusha tena, nikafunga mlango, nikafunga dirisha. Kihesabu cha picha cha kamera ile kilikuwa kimekufa miaka mingi, kwa hiyo hakuna kilichonisema. Baba alirudi, akaitoa filamu, akaitia kwenye kikopo chake, na jioni ile akampa Dakta Suleiman kwa mikono miwili.

Sasa nifike pahala ambapo kila nikipafikia kalamu inataka kukimbia. Zile wiki zilizofuata zilikuwa za furaha kubwa kuliko zote katika utoto wangu. Niliihesabu siku ya tisa kwa vidole, na ilipopita na mama yumo jikoni anapepeta mchele, niliruka uani mpaka akatoka kunitazama.

"Una nini leo, mwana wewe?"

"Nimefurahi tu."

"Basi furahi kimya kimya, kuna watu wamelala."

Baada ya wiki tano Dakta Suleiman alipiga simu kwa jirani aliyekuwa na simu. Baba alikwenda kuisikiliza, na aliporudi alikaa kizingitini bila ya kuvua viatu.

"Filamu imeungua," alisema. "Yote. Haina hata kivuli."

"Si upige nyengine," mama akamwambia.

Hakuweza. Mtu aliyetoa nyuso za wafu wa mji mzima hakuthubutu kushika kamera yake mbele ya kisigino cha mkewe. Aliitwa mpiga picha mwengine mwenye kamera yake mpya, naye akapiga kwa kadiri alivyojua, kwa mbali. Picha zikasafirishwa. Zikarudi na jibu kwamba hazionyeshi vya kutosha, zipigwe za karibu zaidi. Zikapigwa. Jibu la mwisho lilipokuja, kwamba ni saratani na akatwe mara moja, mama alikuwa na uvimbe kinenani wa ukubwa wa yai la kuku. Alikatwa Dar es Salaam, akarejeshwa nyumbani. Tulielewa maana ya kurejeshwa.

Ukubwani nilimsimulia daktari mmoja wa rika langu. Aliniambia huenda hata ile filamu ya kwanza isingemwokoa. Huenda. Nimelibeba neno hilo na bado sijui nilitue wapi.

Wakati ule sikuwa na neno hilo. Nilikuwa na baba anayekaa mbele ya chakula bila ya kula, na nilianza kufahamu. Siku moja, baba hayupo, nilipanda kitandani kwa mama nikamwambia kwamba aliyefungua kamera ni mimi. Nikamwambia yote, Mzee Makame, siku tisa, mara ishirini na nne. Alinisikiliza, kisha akacheka. Naapa alicheka, mpaka kikohozi kikamshika, na kikohozi kilipomwachia alikuwa analia.

"Nani mwengine umemwambia?"

"Hakuna."

"Basi baba yako usimwambie. Umenisikia?"

"Anafikiri ni yeye, mama."

"Nnajua anachofikiri." Alinishika kidevu. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama kofia isiyoshonwa. "Mimi nnakwenda zangu. Nyinyi mtabaki wawili tu. Nataka akikuangalia akuone wewe, asikione kisigino changu. Sema hutomwambia."

"Sitomwambia."

Alifariki kabla ya Ramadhani.

Baba aliifunga studio mwaka uliofuata. Watu walidhani ni mambo ya simu na mashine mpya. Leo anaishi Ng'ambo, nje kidogo ya Mji Mkongwe, mzee, nami nnakwenda kumuangalia kila wiki. Na kila mwaka, hitima ya mama ikishasomwa, hulitoa sanduku lake, tukafunga madirisha, akatia taa ndogo ndani ya mvukuto na kuuvuta mkunjo kwa mkunjo, akitafuta kitundu kilichopitisha mwanga siku ile. Mimi humshikia upande wa pili. Hajawahi kukiona. Ngozi ni nzima, ile karafuu maiti imeitunza. Hulirudisha sandukuni na kuniuliza lile lile: "Sasa nilikosea wapi, mwanangu?"

Nilipotoka msibani Kikwajuni nilikwenda kwake. Hitima ya mama ilikuwa imesomwa wiki ile, na sanduku lilikuwa tayari mezani kwa ajili ya kesho. Yeye alikuwa msikitini. Nikachukua sindano moja katika mkebe wa kofia wa mama, nikaufungua mvukuto, nikatoboa mkunjo wa tatu. Kitundu kimoja. Niliamini nnampa jibu, na kwamba mtu mwenye jibu hulala.

Kesho yake mchana tukafunga madirisha. Akatia taa, akavuta mkunjo wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu nukta ya mwanga ikamtua kwenye ndevu.

"Hiki hapa," alisema.

Nikamsubiri ashushe pumzi. Hakushusha. Alikigusa kitundu kwa ncha ya kidole, akakiachia, akakigusa tena.

"Mkunjo wa tatu tu," alisema. "Miaka yote hii macho yangu yamekipita. Kumbe siku ile lilikuwa jambo la kuuweka dirishani nikautazama. Dakika moja. Kila mwaka nnakitafuta nikijiambia kwamba si kosa langu, kamera ndiyo iliyonigeuka. Kumbe sikukagua. Nilikuwa na haraka ya kumwonyesha yule kijana kwamba mimi fundi." Aliinua uso. "Nimemuua mama yako kwa kiburi, mwanangu."

"Baba," nikasema, "hicho kitundu ni cha jana."

Hakufahamu. Nikamwonyesha sindano. Kisha, kwa kuwa mlango ulikwisha kufunguka, nikamwambia yaliyobaki, tangu Mzee Makame mpaka kile kidirisha cha mbao na jua la alasiri. Sikumtazama nilipokuwa nnasema. Nilitazama ile nukta, ambayo sasa ilikuwa ukutani.

Nje muuza mboga alipita akinadi mchicha, akarudi tena, akaenda zake.

"Mama yako alijua?" aliniuliza.

"Hapana, baba," nikasema. "Hakujua."